Daftari la Duka na Bili ya Hospitali

Karani wa kaunti mjini Wote akiugua, mengi yameshaamuliwa bila yeye kusumbuka. Kila mwezi mwajiri anamkata asilimia 2.75 ya mshahara na kuipeleka kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na ushuru wake unahesabiwa baada ya makato hayo kutolewa. Hatua chache kutoka ofisini kwake, nyuma ya kaunta ya mbao, yuko mwenye duka la rejareja ambaye hana wa kumkatia. Yeye ndiye mwajiri, ndiye mwajiriwa, ndiye mhasibu. Akilazwa, duka limefungwa, na siku hizo hazilipwi na mtu.

Huyo wa pili ndiye anayewakilisha watu wengi zaidi wa Kitui na Makueni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, na idadi kubwa yao wanaishi kwa kazi isiyo na hati ya mshahara: shamba la ndengu, mbuzi wachache, maembe, asali, bodaboda, cherehani, kinyozi, kibanda cha mboga kando ya barabara ya Mombasa pale Emali au Mtito Andei. Kwa watu hawa gharama ya matibabu na ushuru ni mambo mawili yanayokutana kwenye mfuko mmoja, ingawa kila moja huzungumzwa peke yake. La hospitali huzungumzwa kwenye mchango wa harambee. La ushuru huzungumzwa mwezi wa Juni, kwenye foleni ya saiba.

Ukambani, eneo zilipo kaunti hizi mbili, una historia yake katika jambo hili, na ni historia ya kujivunia. Mwaka 2004, Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati na wakati huo Waziri wa Afya, alipeleka bungeni mswada wa bima ya afya kwa Wakenya wote. Wabunge waliupitisha, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia saini. Miaka kumi na miwili baadaye Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianza mpango wake wenyewe, Makueni Care: kila jamii ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za umma za kaunti bila bili nyingine, na wazee waliopita miaka 65 hawakulipa kitu. Ngilu alipokuwa gavana wa Kitui alianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 2018, ambapo jamii ililipa shilingi 1,000 kwa mwaka.

Uzuri wa mipango hiyo ulikuwa wepesi wake. Shilingi 500 ni bei ya kuku mdogo, na mtu angeweza kuilipa siku yoyote ya soko. Lakini mzigo wenyewe haukubebwa na hizo 500. Ulibebwa na bajeti ya kaunti, na kadi ya Makueni haikuwa na nguvu mgonjwa akihamishiwa Nairobi. Anayedhani kwamba matibabu yaliwahi kugharimu shilingi 500 kwa mwaka atashindwa kuelewa kilichofuata.

Kilichofuata ni SHA. Sheria yake ilitiwa saini Oktoba 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa bima ya hospitali uliokuwapo tangu 1966. Chini ya NHIF, aliyejiajiri alilipa kiasi kimoja bila kujali kipato: shilingi 160 kwa mwezi kwa miaka mingi, kisha 500 kuanzia 2015. SHA iliacha kiwango hicho kimoja. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato cha jamii, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi.

Hesabu yake si ngumu. Asilimia 2.75 ya shilingi 18,000 ni 495. Maana yake ni kwamba jamii yenye kipato cha chini ya shilingi 18,000 hivi kwa mwezi inalipa pungufu ya ilivyolipa NHIF, na yenye zaidi ya hapo inalipa zaidi. Muuza mboga wa Zombe anayebaki na shilingi 10,000 kwa mwezi yuko kwenye kiwango cha chini kabisa, 300. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mwingi anayebaki na 75,000 anatakiwa kulipa zaidi ya 2,000.

Tatizo liko kwingine. Karani anakatwa kidogo kidogo kila mwezi, lakini aliyejiajiri anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo, na mapema. Shilingi 300 zinakuwa 3,600. Zile 2,000 na ushee zinakuwa karibu 25,000. Kwa mtu ambaye pesa zake huingia kwa msimu, huo ni ukuta. Serikali ililiona hilo, na mwaka 2025 ikaleta Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kukopeshwa mchango wa mwaka na kuulipa kwa awamu ndogo ndogo. Ni msaada wa kweli kwa mwenye biashara ya kila siku kama bodaboda au kibanda cha chai. Kwa mkulima unasaidia kidogo, kwa sababu kati ya Juni na Novemba hata hiyo awamu ndogo hana.

Kuna pia suala la nani anajua kipato cha mtu. Karani ana hati ya mshahara. Muuza ndengu hana, kwa hiyo SHA humuuliza maswali kuhusu maisha yake na kukisia kipato kutokana na majibu: nyumba imejengwa kwa nini, imeezekwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, jamii inapikia nini, ina watu wangapi. Yeyote anayejua Ukambani ataona panapouma. Nyumba ya matofali yenye bati huweza kuwa kazi ya mtoto aliyefanya kazi Mombasa miaka kumi iliyopita. Tangi la maji mtu amelinunua kwa sababu hakuna mto wala mfereji. Vitu hivyo vinaonekana utajiri kwenye simu, na hali mvua ya Novemba imekatika na ghala ni tupu. Anayejibu maswali hayo aseme ukweli wote, pamoja na idadi kamili ya wanaomtegemea, na asimwachie mtu mwingine abonyeze majibu kwa haraka.

Hata hivyo kuna sehemu ya mpango huu ambayo haidai mchango, na watu wengi wanaikosa kwa kutojua. Zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hugharimiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Kinachotakiwa ni kujisajili tu, kwa kupiga *147# au kufika kituoni na kitambulisho, na kujisajili hakuhitaji kulipa. Malaria ya mtoto, shinikizo la damu la bibi, kidonda cha jembe: hayo yote mahali pake pa kwanza ni zahanati. Mchango wa asilimia 2.75 unahitajika mgonjwa anapofika hospitali za ngazi ya 4 na kuendelea, kama Hospitali ya Makindu, hospitali za rufaa za kaunti pale Wote na Kitui mjini, au Nairobi.

Huko juu ndiko kwenye bili za kuvunja boma. Katika viwango ambavyo SHA ilianza navyo, kujifungua kwa kawaida kulilipiwa shilingi 10,000 na kwa upasuaji 30,000. Kusafishwa figo mara moja kulilipiwa 10,650, na mgonjwa wa figo huhitaji huduma hiyo mara mbili kwa wiki. Saratani iliwekewa shilingi 400,000 kwa jamii kwa mwaka, na nyongeza ya 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Ukilinganisha 3,600 ya mchango na wiki moja tu ya kusafisha figo, 21,300, huhitaji mtaalamu wa kukueleza. Mbuzi mmoja hulipa mwaka. Boma zima la mbuzi halimalizi mwezi wa mashine ya figo.

Na bado bima hailipi kila kitu. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Nauli ya mgonjwa na anayemsindikiza kutoka Kyuso au Mutomo, chakula cha wanaomlinda wodini, na siku ambazo duka halikufunguliwa, zote zinatoka mfukoni. Kwa aliyejiajiri hii ndiyo gharama isiyoandikwa popote. Anayepanga pesa za afya na kuweka mchango wa SHA peke yake amepanga nusu.

Sasa ushuru. Jambo la kwanza ambalo wenye biashara ndogo huuliza ni kama risiti za hospitali zinaweza kuondolewa kwenye hesabu ya ushuru. Jibu ni hapana. Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya inahesabu matumizi ya mtu kwa nafsi yake na jamii yake kuwa ya nyumbani, si ya biashara. Bili ya mke kujifungua, miwani ya baba, dawa za sukari: hakuna hata moja inayopunguza ushuru. Mwajiriwa aliyelipiwa matibabu na kampuni kwa mpango wa wafanyakazi wote hatozwi ushuru kwa manufaa hayo. Mjiajiri anayejilipia hapati nafuu ya namna hiyo. Ni tofauti isiyo ya haki, na ingefaa wabunge wa Ukambani waisemee.

Nafuu iliyopo iko kwenye michango. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, sheria iliyorekebisha ushuru imeruhusu mchango wa SHA uondolewe kwenye mapato kabla ya ushuru kuhesabiwa. Vivyo hivyo tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo kwa mujibu wa sheria ya 2024 inamhusu hata asiye na mshahara. Aliyekata bima ya kibinafsi ya afya anapata nafuu ya asilimia 15 ya anacholipa, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Bima ya shilingi 20,000 inapunguza ushuru kwa 3,000. Akiba ya uzeeni inaweza kuondolewa hadi shilingi 30,000 kwa mwezi.

Lakini nafuu hizi zote zina mlango mmoja, na mlango huo ni ritani ya mwaka ya ushuru wa mapato. Anayelipa ushuru wa mauzo, ule unaoitwa TOT, hapiti hapo.

TOT inamhusu mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka yamepita shilingi milioni 1 na hayajazidi milioni 25. Milioni 1 inasikika kubwa, lakini ukiigawa kwa siku 365 ni shilingi 2,740 hivi. Kibanda chenye shughuli nzuri pale Kibwezi kinavuka hapo. Ushuru wenyewe hutozwa kwenye mauzo yote, bila kutoa gharama yoyote, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kiwango kutoka asilimia 1 hadi 3. Hakuna mahali pa kuandika mchango wa SHA kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa hakuna kinachotolewa.

Tuseme kuna duka la rejareja mjini Wote linalouza shilingi 5,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Mauzo ni milioni 1.5. Kwa bidhaa kama unga, sukari na mafuta, faida ni nyembamba, na baada ya kodi ya chumba, stima na leseni ya kaunti mwenye duka anabaki na asilimia 10, yaani shilingi 150,000. Kwa kiwango cha asilimia 3, TOT ni shilingi 45,000, karibu theluthi ya alichobaki nacho. Hata kiwango kikipunguzwa nusu, ni 22,500.

Duka hilo hilo likihesabiwa kwa ushuru wa mapato wa kawaida, hesabu inageuka kabisa. Shilingi 288,000 za kwanza za faida kwa mwaka hutozwa asilimia 10, na kila mlipa ushuru mkaazi ana nafuu ya shilingi 28,800. Asilimia 10 ya 150,000 ni 15,000, na nafuu inaimeza yote. Ushuru ni sifuri. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa ushuru kwamba hataki kuwa chini ya TOT, na akahesabiwa kwa faida. Kwa mwenye duka huyu, barua hiyo moja ina thamani ya mchango wa SHA wa miaka kadhaa.

Si kila mtu aandike barua hiyo. Chukua mwenye saluni mjini Kitui mwenye mauzo yale yale ya milioni 1.5, ambaye bidhaa yake kubwa ni mikono yake. Baada ya gharama zote anabaki na 900,000. TOT yake ya asilimia 3 ni 45,000 zile zile. Kwa ushuru wa mapato angelipa asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata na asilimia 30 kwa zilizobaki, na baada ya nafuu yake angedaiwa 178,600. Huyu abaki kwenye TOT. Mwenye faida nyembamba na mwenye faida nene hawafai kupewa ushauri mmoja, ingawa huo ndio unaotolewa kila Juni kwenye saiba.

Na ushauri huo mara nyingi ni mbaya zaidi: jaza sifuri. Kijana wa saiba analipwa kidogo, foleni ni ndefu, tarehe ya mwisho ni 30 Juni, na ritani ya sifuri inachukua dakika chache. Mtu anaondoka na karatasi inayosema hakupata hata shilingi mwaka mzima, na ana namba ya till ya M-Pesa iliyopokea pesa kila siku. Hilo ni tamko la uongo, na linamweka hatarini bure. Ambaye mauzo yake hayajafika milioni 1 na faida yake haijapita 288,000 angejaza ukweli na bado asidaiwe kitu. Angepata pia rekodi ya kipato chake, kitu cha kuonyesha benki akiomba mkopo, au cha kubishia makisio yaliyotokana na bati na tangi la maji.

Ukweli huo unahitaji daftari. Si lazima kompyuta. Ukurasa mmoja kwa siku unatosha: mauzo ya pesa taslimu, mauzo ya till, bidhaa zilizonunuliwa, nauli ya kuzileta, mkopo aliopewa mteja, na kwenye mstari wake peke yake, pesa iliyotolewa kwenda nyumbani. Mstari huo wa mwisho ndio unaoharibu hesabu za wengi. Karo iliyotolewa kwenye droo si gharama ya duka, na ukiichanganya na unga hutajua kama biashara ina faida au inakula mtaji. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na risiti ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi kwenye ushuru wa mapato, kwa hiyo anayenunua kwa muuzaji wa jumla amwambie aandike PIN ya mnunuzi kwenye risiti, na risiti zibandikwe humo humo daftarini. Wauzaji wadogo wenye mauzo yasiyozidi milioni 5, wakiwemo wakulima, wamepunguziwa mzigo: mnunuzi anaweza kuandaa risiti hiyo kwa niaba yao.

Kilichobaki ni kalenda. Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu huvunwa Januari na Februari, na maembe ya Makueni hushuka Desemba hadi Machi, mengine yakienda kwenye kiwanda cha Kalamba. Pesa za mwaka ziko hapo, na ndipo pia karo ya Januari inapozifuata. Mkulima akisubiri Julai kulipa SHA, atakuwa anauza mbuzi kwa bei ya kiangazi. Akiulipa mchango wa mwaka mzima siku anayouza ndengu, kabla magunia hayajageuka deni la duka, amefunika hata ile miezi ambayo hana kitu. Mwenye duka hana msimu wa namna hiyo, lakini ana kila siku: shilingi 10 kwa siku, siku 360, ni 3,600.

Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, ambavyo kwa vizazi vimechimba mabwawa ya mchanga na kujenga matuta katika vilima vya Mbooni na Mutitu, vina kila kitu kinachohitajika kufanya kazi hii: orodha ya wanachama, mweka hazina, siku ya kukutana, na aibu ya kuchelewa. Vingi tayari huchangia bili mwenzao akilazwa. Pesa hizo hizo zikikusanywa Februari na kulipiwa SHA kwa kila jamii, mweka hazina akihakikisha kwenye simu kwamba jina la kila mwanachama na wategemezi wake limesomeka, kikundi kitabaki na akiba ya kulipia nauli ya wagonjwa na siku walizokosa kazi.